Ndege wa risasi: filamu ya Fizi si ile ya ziwa

Ziwa Tanganyika lina filamu yake maarufu. Inaitwa The African Queen, ilitoka mwaka 1951, na ilitokana na riwaya ya Mwingereza C. S. Forester ya mwaka 1935. Forester alichukua wazo lake kwenye vita vya kweli vya ziwa hili. Waingereza walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town mpaka upande wa Kongo kwa treni, kwa matrekta ya mvuke, kwa ng'ombe, na kwa mabega ya Waafrika wengi waliofyeka njia na kujenga madaraja. Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliteka meli ya Wajerumani iliyoitwa Kingani, na Februari 1916 Waingereza wakazamisha Hedwig von Wissmann. Ile kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916. Iliopolewa mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Jamaa nyingi za Fizi zinaijua kwa jina hilo, kwa maana mwaka 1997 ilirudisha maelfu ya wakimbizi Kongo kutoka Kigoma.

Filamu yenyewe inapendeza. Humphrey Bogart alipata Oscar kwa kucheza nahodha mlevi wa mashua mbovu, na sehemu zake zilipigwa kwenye mto Ruiki, karibu na Ponthierville ambayo leo ni Ubundu, na nyingine Uganda. Lakini mwanzoni kabisa kuna jambo ambalo mtu aliyekimbia kutoka Bibokoboko hawezi kulipita haraka. Askari wanaingia kijijini, wanachoma nyumba, wanaswaga watu mbele yao. Halafu wazungu wawili wanapanda mashua na filamu inaondoka pamoja nao. Watu wa kile kijiji walipelekwa wapi? Nani alilala porini, nani alirudi akakuta majivu? Filamu haiulizi tena mpaka mwisho. Kijiji kilichomwa ili safari ya wengine ipate kuanza.

Kwa hiyo filamu ambayo watu wa Fizi wanaweza kusema ni yao ni nyingine, ingawa haina ziwa wala mlima. Ilitengenezwa miaka 10 kabla, na mwongozaji yule yule, John Huston, pamoja na Bogart yule yule. Inaitwa The Maltese Falcon, yaani Kipanga wa Malta. Ni ya mwaka 1941, ya rangi nyeusi na nyeupe, na inatajwa kila mara kati ya zile ambazo Wafaransa walizipa jina la film noir, filamu nyeusi: za usiku, moshi wa sigara, uongo, na watu ambao hakuna aliye safi.

Nayo ilitoka kwenye kitabu. Mwandishi wake, Dashiell Hammett, alikuwa amefanya kazi ya upelelezi katika shirika la Pinkerton huko Marekani kabla ya kushika kalamu, na riwaya yake ilitoka mwaka 1930. Studio ya Warner Bros. ilikwisha kuifanya filamu mara mbili, mwaka 1931 na 1936. Huston, ambaye alikuwa hajawahi kuongoza filamu hata moja, alifanya jambo la busara: alirudi kwenye kitabu, akayaacha mazungumzo ya Hammett karibu yalivyo. Ndiyo sababu ya tatu inakumbukwa, na zile mbili za kwanza wanazijua wachache.

Hadithi ni hii. San Francisco kuna wapelelezi wawili wa kujitegemea, Sam Spade na Miles Archer. Mwanamke anakuja ofisini, analia kidogo, anasema anamtafuta mdogo wake, anaomba mwanaume mmoja aitwaye Thursby afuatwe. Archer anajitolea. Usiku huo huo Archer anapigwa risasi, naye Thursby anauawa. Baadaye inajulikana kwamba hakuna mdogo aliyepotea. Yule mwanamke, Brigid, pamoja na mnene mmoja aitwaye Gutman na mwenzake Cairo, wote wanatafuta sanamu ya ndege. Wanasema zamani mashujaa wa Malta waliitengeneza kwa dhahabu na vito kama zawadi kwa mfalme wa Uhispania, kisha ikapakwa rangi nyeusi ili isitambulikane. Gutman ameitafuta miaka 17. Nahodha wa meli anaileta mpaka ofisini kwa Spade ikiwa imefungwa kwenye magazeti, anaanguka sakafuni, anakufa. Huyo ni maiti wa tatu.

Mwishowe ndege anawekwa mezani. Gutman anachukua kisu kidogo, anakwangua ile rangi nyeusi, anaendelea kukwangua. Ndani hakuna dhahabu. Ni risasi.

Kiswahili kina bahati ambayo Kiingereza cha Hammett hakina. Madini yale mazito na kitu kinachotoka mdomoni mwa bunduki vina jina moja. Mtu wa Fizi akihadithiwa kwamba ndege aliyewaua watu watatu alikuwa wa risasi tupu, hahitaji kufafanuliwa. Kuna mambo yamepakwa rangi huku pia: dhahabu ya Misisi, ng'ombe, mpaka wa malisho, kiti cha chifu wa groupement, jina la kabila lililotangulia kufika. Kila moja linaelezwa kwa sauti nzuri na mtu aliyekaa mbali, na kila moja lina wafu wake. Vijana wanaambiwa hili ndilo la kufia. Wakikwangua, wanakuta risasi.

Hatua inayofuata inachekesha na kutisha pamoja. Gutman anatetemeka kwa hasira, kisha anajituliza, anatabasamu, na kumwambia Cairo kwamba ndege wa kweli lazima yuko bado Istanbul, basi waende wakamtafute. Wafu watatu hawamo kabisa katika hesabu yake. Msikilizaji wa redio aliyefuata mikutano ya amani ya milimani, iliyofanyika Uvira, Bukavu, Kinshasa na kwingineko, atamtambua Gutman bila kuonyeshwa kwa kidole.

Kuna kijana mmoja katika hadithi hii, Wilmer. Ndiye mbeba bastola wa Gutman. Ana kofia, ana maneno makali, na nyuma ya maneno hayo bado ni mtoto. Spade anawaambia wakubwa kwamba polisi lazima wapate mtu wa kumbebesha vifo hivyo, na anawashauri wamtoe Wilmer. Gutman anashtuka. Anasema anampenda kijana huyo kama mwanawe wa kumzaa. Baada ya kufikiri kidogo, anakubali kumtoa.

Maneno hayo, kwamba wabeba silaha ni watoto wetu, yamesemwa Fizi na wakubwa wa kila upande. Watoto hao wana miaka 15, 17, 19. Wanapandishwa milimani na watu ambao watoto wao wa kuzaa wanasoma mjini au ng'ambo. Siku mazungumzo yanapofunguliwa, wakubwa huingia mezani, na kijana ndiye anayeonyeshwa kwa waandishi wa habari akiwa amekaa chini, mikono imefungwa. Filamu haimtetei Wilmer. Aliua kweli: Thursby ni wake, na nahodha ni wake. Inachoonyesha ni jinsi aliyemtuma alivyomkana upesi. Na Spade, ambaye watu humwita shujaa, ndiye aliyelitoa wazo. Huyo hafai kuitwa mtakatifu.

Utakatifu anaukosa kwa mengine pia. Archer alipouawa, Spade alikuwa na uhusiano wa siri na mke wa Archer. Hakumpenda mwenzake, hakumheshimu. Kesho yake tu aliagiza jina la Archer liondolewe mlangoni pa ofisi. Maiti haijazikwa na kibao kimekwisha kubadilishwa. Mtu wa namna hiyo, mtazamaji atasema, hatajishughulisha kuuliza nani aliua.

Lakini anauliza, na hapo ndipo filamu inaposimama. Anakumbuka namna Archer alivyokutwa kwenye kichochoro chenye giza: bastola yake bado kiunoni, koti limefungwa vifungo. Mpelelezi mwenye uzoefu hafuati mwanaume hatari kichochoroni akiwa amefunga koti juu ya bastola yake. Aliingia humo kwa kuwa aliyekuwa naye hakumtia hofu. Alikuwa mteja wao, Brigid, ambaye kufikia hapo Spade mwenyewe amekwisha kumpenda, au karibu kumpenda. Brigid analia, anamkumbusha mapenzi. Spade anakiri kwamba huenda atakosa usingizi kwa ajili yake. Lakini hampigi, hamuui, hamfichi. Anampa polisi. Sababu yake ni fupi: mwenzake akiuawa, mtu hawezi kukaa kimya, hata kama mwenzake huyo hakuwa na thamani kwake.

Mtu anaweza kuuliza ni nani kwa nani huku Fizi. Mnyamulenge na Mbembe ni wenzi wa nini? Mfuliiru na Mnyindu? Jibu liko sokoni Baraka. Maziwa na ng'ombe waliteremka kutoka Bibokoboko, samaki, chumvi na sabuni vikapanda. Watu hao hawakupendana sana siku zote, kama vile Spade na Archer hawakupendana, lakini walikuwa na ofisi moja. Na hata sasa, baada ya yote, mkimbizi wa ndani aliyeteremka anachota maji pale pale anapochota mwenyeji.

Kasoro kubwa ya mazungumzo ya Fizi ni kwamba kila jamii inahesabu wafu wake peke yake. Ukimuuliza mtu wa huku kuhusu wafu wa kule, atajibu kwa kutaja wa kwake. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa taarifa ndefu kuhusu makosa makubwa yaliyofanyika Kongo kati ya 1993 na 2003, matukio 617. Ndani yake yamo mauaji ya Wanyamulenge huko Baraka na Lweba, Septemba 1996. Yamo pia mauaji ya Makobola, kuanzia Desemba 30, 1998 mpaka Januari 2, 1999, ambako wengi wa waliouawa walikuwa Wabembe. Taarifa ni moja. Lakini watu huisoma kama vitabu viwili: wengine huifungua ukurasa wa Lweba na kuifunga, wengine huifungua ukurasa wa Makobola na kuifunga. Anayesoma kurasa zote mbili kwa sauti mbele ya watu anaitwa msaliti na pande zote.

Hiyo ndiyo sababu Archer ni wa muhimu kuliko ndege. Kumlilia ndugu yako si kazi ngumu, hata mnyama hulilia wa kwake. Spade alimuulizia mtu ambaye hakuwa akimlilia. Mwanasiasa wa Fizi akisimama siku moja kudai uchunguzi kwa ajili ya wafu wa jamii isiyompigia kura, atakuwa amefanya zaidi ya mikutano 10 ya hoteli. Mpaka leo, wanaofanya hivyo ni wachungaji wachache, akina mama wachache wa sokoni, na baadhi ya wanasheria.

Pingamizi la haki lipo, nalo si dogo. Spade alikuwa na simu mezani, akawapigia polisi, nao wakaja. Bibokoboko nani atapiga simu, na kwa nani? Mtandao wenyewe unashikwa juu ya kilima. Anayetaja jina la muuaji leo anaweza kukutwa shambani kesho. Filamu za Marekani zina urahisi huo: mji una mahakama, mahakama ina umeme. Kumwambia mjane aliye katika nyumba ya kuazima Baraka kwamba afanye kama Spade ni kumdhihaki.

Hata hivyo jambo hilo limewahi kufanyika, na lilifanyika Baraka penyewe. Usiku wa Mwaka Mpya wa 2011 wanajeshi waliingia mji wa Fizi wakabaka wanawake wengi. Mahakama ya kijeshi ya kuhamahama ilikuja Baraka mwezi uliofuata. Wanawake zaidi ya 40 walitoa ushahidi. Tarehe 21 Februari 2011, Luteni Kanali Kibibi Mutware alihukumiwa miaka 20 kwa makosa dhidi ya ubinadamu, pamoja na baadhi ya askari wake. Kutoka usiku ule mpaka hukumu hazikupita wiki 8. Barabara ilikuwa mbovu vile vile, umeme haukuwako vile vile, na mshtakiwa alikuwa mkubwa mwenye bunduki. Tena hakutolewa Wilmer peke yake: safari ile Gutman mwenyewe alisimamishwa. Kwa hiyo anayesema kwamba Fizi haiwezekani kuchunguza chochote anasahau, au anapenda wengine wasahau.

Oktoba 2021 nyumba zilichomwa Bibokoboko, ng'ombe wakachukuliwa, watu wakakimbia. Wengine waliteremka Baraka, wengine wakabaki juu kule karibu na wanajeshi. Mashirika yalihesabu jamaa, maturubai na vyungu, na hilo lilikuwa jema, kwa maana mvua ilikuwa inanyesha. Kuhesabu jamaa ni kazi moja, na kuuliza nani alichoma ni kazi nyingine. Hii ya pili inahitaji vitu vya kawaida kabisa: jina la aliyekufa, siku, saa, mahali alipokutwa, nani alimwona mwisho, alikuwa amevaa nini. Vifungo vya koti. Ushahidi wa namna hii unapotea kila mzee anapofariki na kila kijana anapovuka kwenda Burundi, Tanzania au Kenya. Makanisa yanaweza kuanza kuuandika sasa, kila jamii iandike na ya jirani, daftari likawekwa mahali salama hata kabla hakimu hajaja. Mwaka 2011 hakimu alipofika, alikuta mashahidi waliokuwa tayari kusema.

Filamu hii ina upungufu wake, na mkubwa ni mjane. Mke wa Archer, Iva, anaonekana mara chache akiwa amevaa nguo nyeusi, na kila anapotokea Spade anataka aondoke upesi. Huston anamwacha mlangoni. Hakuna anayemwambia kinaganaga mume wake alikufaje. Ni kweli kwamba naye hakuwa mwaminifu, lakini mjane ni mjane. Katika jamaa zilizokimbia Bibokoboko, wajane ndio wanaouliza zaidi, na ndio wanaojibiwa kidogo zaidi. Wanaume wana mikutano, wajane wana foleni ya unga.

Kuionyesha filamu hii Baraka katika ukumbi wa video haitasaidia sana. Ni ya zamani, inasema Kiingereza cha kasi, na vijana watataka ya mapigano. Redio ndiyo njia yake. Si wazo geni: mwaka 1943 na tena mwaka 1946, Bogart na baadhi ya wenzake waliicheza hadithi hii redioni huko Marekani, katika muda wa nusu saa tu. Na wasikilizaji wa Kivu wamezoea michezo ya redio, wengi wao walifuata Kumbuka Kesho. Kundi la vijana 6 wa Baraka, wakimbizi na wenyeji wakichanganyika, wanaweza kuitunga upya kwa Kiswahili cha hapa. San Francisco iwe mji wa bandari wowote ule ziwani. Nahodha aingie na furushi kwenye gunia. Ndege awe chochote ambacho watu wameambiwa ni dhahabu. Wilmer achezwe na kijana aliyewahi kubeba silaha, akikubali, na majina ya makabila yasitajwe hata mara moja ili kila anayesikiliza abaki akijiuliza Archer alikuwa wa nani. Na Iva apewe kipindi kizima cha kwake, aingie ofisini, akae kwenye kiti, na kuuliza maswali yake yote mpaka yaishe.